Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti: Tunaomba Huduma Zetu Zije Mzanini

Kwa Mheshimiwa sana Mwenyekiti,
Chama cha Wafanyabiashara wa Ukanda Wetu,
Mlezi wa Wajasiriamali, Mgeni Rasmi wa Kudumu, Mzee Wetu Mpendwa.

KUH: OMBI LA MWANACHAMA WAKO WA KABIANGA

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka Kabianga. Naomba radhi kwanza kwa kukuandikia nikiwa nimeketi, kwani mbele ya mtu wa cheo chako ingenipasa niandike nimesimama. Chamgei, kama tusalimianavyo kwetu. Nakusalimu wewe binafsi, na mama watoto, na watoto wenyewe, na wazee waliokulea mpaka ukafika ulipofika. Namsalimu dereva wako. Namsalimu katibu wako muhtasi, ambaye kwa subira kubwa hunieleza kila nipigapo simu kwamba uko mkutanoni. Kwa namna ya pekee namsalimu askari wa lango la ofisi ya chama, maana katika watu wote wanaokuzunguka yeye ndiye peke yake aliyewahi kuniuliza, "Mama, wewe unauza nini?"

Najua shughuli zako ni nyingi, na sitarajii uisome barua hii kwa macho yako. Nimeiandika kwa mwandiko wa kutengana vizuri ili atakayekusomea asipate taabu. Nimeifanya ya wazi kwa sababu zile nilizozifunga kwenye bahasha zilipokelewa, zikagongwa mhuri, na safari yao ikaishia hapo.

Kwa kuwa wanachama ni wengi na wewe ni mmoja, nijitambulishe. Mimi ni fundi cherehani katika soko la Kabianga. Hapa kwetu pana shule ya tangu mwaka 1925, pana chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013, na pande zote zilizobaki ni chai. Wanafunzi huniletea suruali za kupunguza na zipu zilizokatika, nami nawashukuru, lakini kazi inayolisha nyumba yangu ni aproni za kuchumia chai. Huenda Mheshimiwa hujapata nafasi ya kuishika moja, basi niruhusu nikueleze. Ni kipande cha nailoni nzito kinachomfunika mchumaji kutoka kifuani hadi chini ya magoti. Huivaa alfajiri, majani yakiwa bado yamebeba umande, na matawi ya chai humkwaruza kiunoni kutwa nzima. Hapo kiunoni ndipo aproni mbovu huanza kuchanika. Kwa hiyo hapo mimi hupitisha mshono mara mbili, nikashonea kwa ndani kiraka cha nailoni ile ile. Situmii uzi wa pamba, kwa sababu unyevu huuozesha. Kamba ya shingoni naikunja mara tatu ili isimkate mtu ngozi. Aproni ya namna hiyo humvusha mchumaji masika na vuli, na kwetu Kericho mvua haingoji msimu.

Hiyo ndiyo bidhaa niliyojiunga nayo na chama chako, Mheshimiwa, na sasa nianze shukrani.

Nakushukuru kwa cheti cha uanachama. Ni karatasi nzuri, ngumu, yenye nembo ya dhahabu na sahihi yako ndefu. Nimeitia fremu na kuitundika juu ya cherehani. Afisa wa leseni wa kaunti alipokuja kukagua alikisoma chote, akakisifu, kisha akaniomba leseni. Nilikuwa nayo. Tangu siku hiyo nimefahamu kazi ya kila karatasi: leseni huniruhusu kufungua duka, na cheti chako hunipa kitu cha kutazama wateja wanapokuwa hawapo.

Nakushukuru kwa kalenda. Kila mwaka hunifikia ikiwa na picha yako ukurasa wa Januari, ukikata utepe. Ukurasa wa Aprili, ukipokea tuzo. Na ukurasa wa Oktoba, ukiwa umesimama katikati ya shamba la chai umevaa suti. Naitumia kila siku. Ndani ya viboksi vya tarehe naandika majina ya wanaonidai na ninaowadai, na Oktoba ndiyo hujaa zaidi, kwa kuwa ndio mwezi wa bonasi, na nusu ya soko hili huuza kwa mkopo likiingoja. Bonasi ikiwa nzuri, wadeni hulipa kabla sijauliza. Ikiwa ya kusikitisha, kama wakulima wa Kericho na Bomet walivyolalamika miaka hii ya karibuni walipolinganisha yao na ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya, basi deni la mkulima kwangu hugeuka kuwa deni langu kwa muuza nailoni. Wewe huwa unatabasamu pale juu, nami chini yako napiga hesabu.

Nakushukuru kwa ujumbe wa kunitakia heri siku ya kuzaliwa. Huja kwenye simu saa mbili kamili asubuhi, una jina langu, na hauna kosa hata la herufi. Unanithibitishia kwamba chama kinayo namba yangu na kinajua kuitumia.

Nakushukuru zaidi ya yote kwa kongamano la kuwakutanisha wafanyabiashara, lile la hotelini Kisumu. Nimelieleza mara nyingi hapa sokoni na bado husikilizwa. Tulipewa kadi za majina za kuvaa shingoni. Meza kuu ilikuwa na maua, na wakuu wa ununuzi wa makampuni waliketi hapo, upande wako wa kulia na wa kushoto. Sisi wenye biashara ndogo tulipangwa nyuma karibu na mlango wa jikoni, na huko hewa ilikuwa nzuri. Ulituhutubia kuhusu Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 2021, na soko lake la watu zaidi ya bilioni moja. Nilikusikiliza kwa makini. Kwenye kikapu miguuni pangu nilikuwa na aproni tatu za mfano, na mtu niliyetaka kumwonyesha hakuwa Cairo wala Lagos. Alikuwa ameketi kando yako, akila biskuti.

Wakati wa mapumziko nilijaribu kumfikia. Kijana mwenye adabu sana alinieleza kwamba wageni wa meza kuu wana chumba chao cha chai. Chai yenyewe ilikuwa yetu, bila shaka, ya vilima hivi hivi. Yenyewe iliruhusiwa kuingia.

Kisha mshereheshaji akatutaka kila mmoja abadilishane namba na jirani yake, akasema huo ndio utajiri wa siku hiyo. Jirani yangu alikuwa mama kutoka Sotik, kaunti ya Bomet. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akafungua kikapu chake, akatoa aproni.

Mheshimiwa, tulicheka mpaka tukatazamwa. Lakini baadaye tulizungumza kwa dhati, na ikawa wote wawili tunanunua nailoni kwa mita kutoka kwa mchuuzi mmoja na kwa bei ya juu. Siku hizi tunachanga fedha, tunaagiza roli nzima kutoka Nairobi kwa bei ya jumla, na kila mmoja anaokoa sehemu ya nauli. Hiyo ndiyo huduma niliyoipata katika uanachama wangu wote, na imetokana na yule aliyepanga viti. Tafadhali mpandishe cheo.

Nakushukuru pia kwa kutotuchosha na habari. Mashamba makubwa yanayotuzunguka yamekuwa yakibadilisha wamiliki. Mwaka 2022 Unilever ilikamilisha kuuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba mashamba ya James Finlay ya hapa Kenya yanachukuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka, na sehemu ya hisa, asilimia 15, ikatengewa ushirika wa wenyeji. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Lipton, yaani yale yaliyokuwa ya Unilever, nayo yanakwenda kwa Browns hao hao. Kwa mwenye hisa hizo ni habari za biashara. Kwa fundi wa Kabianga ni maswali ya mkate: orodha ya wauzaji ni ile ile au imeandikwa upya? Maombi ya kusajiliwa yanapelekwa ofisi gani? Malipo huchukua siku ngapi? Nani hutia sahihi hati ya kuagiza bidhaa, yaani LPO? Maswali hayo nilikuandikia. Jibu lilikuja kwa haraka ya kusifika: "Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa." Nimeihifadhi barua hiyo pamoja na cheti.

Kisha ziko mashine za kuchuma. Unakumbuka Mei 2023, hasira za kupotea kwa kazi zilipopanda hapa Kericho hadi mashine zikachomwa moto. Siungi mkono kuchoma mali ya mtu. Nasema tu ninachokiona dukani: mashine moja inapoingia shambani, hutoka wachumaji wengi, na kila mmoja alikuwa na aproni. Lakini anayeendesha mashine naye ana mwili, naye hunyeshewa, naye anahitaji vazi la kumlinda miguu na kifua. Ninazo mashine za kushonea na mikono ya kushona. Nilichohitaji ni mtu wa kuniambia vazi hilo hukatwaje, la kitambaa gani, na viwango vyake vya usalama ni vipi. Chama chenye kamati ya viwanda, kamati ya ubunifu na kamati ya karamu nilidhani kingekuwa na jibu katika mojawapo. Ya karamu ndiyo iliyonijibu, ikaniuzia tiketi.

Nisikose kukushukuru kwa mafunzo. Mkufunzi aliyetumwa kwetu alikuwa kijana msomi na mnyenyekevu. Alitufundisha kuandika mpango wa biashara wa miaka mitano. Tukaandika. Palikuwa na mama mboga, fundi viatu, mwenye mashine ya fotokopi karibu na lango la chuo, na mimi. Mwenye fotokopi akauliza: nikichapa kazi ya ofisi ya umma na nisilipwe miezi minane, mpango huu niuweke wapi? Mkufunzi akasema hilo ni swali zuri na litajibiwa katika awamu ya pili. Awamu ya pili tunaisubiri kwa moyo mkunjufu.

Naomba nisimame kwenye neno hilo la malipo, kwa sababu ndilo linalotuua. Wadogo hawafi kwa kukosa bidii. Hufa kati ya siku ya kupeleka mzigo na siku ya kulipwa. Katikati hapo kuna mkopo wa sacco unaozaa riba, kuna wadhamini wanaoanza kukwepa njia yako, kuna kijana uliyemwajiri anayeondoka kwa sababu njaa haisomi LPO. Nimeshona mzigo kwa ajili ya ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa heshima yake na kwa heshima yako, maana mkuu wake nimemwona kwenye kalenda mkishikana mikono. Niliomba chama kiniandikie barua moja tu ya kuulizia. Nikajibiwa kwamba chama hakiingilii mambo ya mwanachama mmoja mmoja. Nikakaa nikawaza: sisi sote ni mmoja mmoja, Mheshimiwa. Mwanachama wa kundi kundi sijamwona bado.

Haki zenyewe zimeandikwa. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Kabisa ya mwaka 2012 inaitambua biashara yenye watu wasiofika kumi kama yangu, na ikaunda mamlaka ya kuishughulikia. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwaka 2016 Shirika la Taifa la Takwimu lilituhesabu likapata biashara ndogo na za kati zilizo na leseni milioni 1.56, na zisizo na leseni milioni 5.85. Maana yake ni kwamba wengi wetu tunafanya kazi bila hata karatasi ya kutajwa nayo. Sasa chukua zabuni moja ya aproni au sare. Inataka cheti cha kodi cha KRA, taarifa za benki, sampuli, na uwezo wa kutoa mzigo mkubwa kwa wiki chache. Mimi peke yangu siwezi. Mama wa Sotik peke yake hawezi. Lakini mafundi kumi wa Kabianga, Sosiot, Litein na Sotik wakiungana wanaweza, mradi pawe na mtu mmoja wa kushika karatasi, kukagua mshono, kudhamini nailoni na kufuatilia malipo. Mtu huyo ndiye aliyeandikwa ukurasa wa pili wa katiba yetu, chini ya kichwa "Huduma kwa Wanachama". Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi hata karatasi imelegea.

Na isidhaniwe kwamba naota mambo yasiyowezekana. Mwaka 1965, nchi ikiwa changa, vyama vya biashara vya Waafrika, Waasia na Wazungu viliunganishwa vikawa Chemba moja ya taifa. Watu waliokuwa hawaketi meza moja waliketi. Jumuiya ya Wafanyabiashara wa Chai ya Afrika Mashariki nayo imekuwapo tangu miaka ya 1950, na mnada wa chai umekuwa Mombasa tangu 1969. Mheshimiwa unajua kuliko mimi jinsi mnada ule unavyokwenda. Kila shehena ina namba. Chai ya kiwanda kidogo cha huku milimani huorodheshwa katika katalogi ile ile yenye chai ya shamba kubwa, sampuli yake huonjwa na wanunuzi wale wale, na bei iliyofikiwa huandikwa. Mkulima anaweza kulalamikia bei, na analalamika. Lakini hawezi kusema kwamba chai yake haikuonjwa. Ndicho ninachokitafuta kwako: katalogi yenye jina langu ndani yake, na mnunuzi wa kuionja kazi yangu. Akiikataa akiwa ameishika mkononi, nitamshukuru na kurudi kuirekebisha.

Sasa nafika kwenye ombi, na kwa ukubwa wa heshima niliyo nayo kwako nimelitafakari, nimelijadili na kikundi changu cha akina mama, na nimelipatia baraka za kamati ya kituo chetu cha kununulia majani mabichi.

Nieleze kituo kwanza, maana ile picha ya Oktoba haikupigwa pale. Ni banda la mabati lenye meza ndefu, mzani wa kuning'inia, na barabara ya matope ambayo lori la kiwanda huisubiri ikauke. Mkulima huleta majani yake, akayamwaga mezani, yakachambuliwa mbele ya macho ya wote. Yanayotakiwa ni majani mawili na kichipukizi. Yaliyokomaa hurudishwa. Yaliyobaki hutiwa guniani, hutundikwa, karani husoma uzito, hutoa uzito wa gunia, na mvua ikiwa imenyesha hutoa na wa maji, jambo ambalo wakulima hawalipendi kabisa. Kisha risiti hutoka, nyembamba kama utepe, ina tarehe na kilo. Hakuna mama katika vilima hivi, hata asiyejua kusoma, anayeondoka bila risiti yake.

Ombi letu ni hili. Tunakuomba kwa unyenyekevu uje kituoni Kabianga, siku ya kupokea majani, ukiwa na huduma zote ulizotupa wanachama wa upande huu katika mwaka huu wa fedha, nasi tuzipime.

Uje mapema kidogo, kabla lori halijafika. Foleni ipo, na tumekuwekea nafasi nyuma ya bibi mmoja ambaye hana haraka na atafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Meza kuu ya hotelini, ikiwezekana, nayo ije na maua yake, kwa sababu ya kwetu mguu mmoja umelegea. Wageni wako wa ununuzi waje pia. Tutawapa chai, na hapatakuwa na chumba cha pembeni. Utamwaga huduma mezani, na akina mama watazichambua kwa mikono yao iliyozoea. Hotuba zitawekwa kando, zimekomaa mno. Picha, kalenda na salamu za kuzaliwa zitawekwa kando pia, kwa uangalifu, zisilowe. Utakaporidhika kwamba yaliyobaki ni majani mawili na kichipukizi, yaani mnunuzi aliyekutanishwa na muuzaji, deni lililofuatiliwa likalipwa, zabuni iliyojazwa kwa pamoja, mkopo uliodhaminiwa, tutayatia guniani na kuyatundika. Karani atatoa uzito wa gunia. Ahadi atazitoa kama anavyotoa maji. Kinachobaki kitaandikwa, na risiti utapewa mkononi, uibandike ofisini mahali ambapo wageni wako wataitazama.

Kuhusu mavazi usijali. Nimekushonea aproni. Vipimo nimevikadiria kutoka kwenye ukurasa wa Aprili, nikaongeza kidogo mbele kwa kuwa ile picha ni ya zamani. Ina mshono wa mara mbili kiunoni. Haitakugharimu kitu, na si rushwa; ni sampuli, ya namna ile ile niliyokwenda nayo Kisumu.

Kuna jambo moja dogo la kiufundi ambalo karani ameniomba nikujulishe mapema. Mzani wetu hautoi risiti ya sifuri. Endapo gunia litatundikwa na namba isisogee, tunakuomba, kwa heshima zote anazostahili mtu wa hadhi yako, ukubali kutundikwa wewe mwenyewe. Kiti tutakitafuta, maana Mwenyekiti hapimwi akiwa amesimama. Kamba ni imara, nimezishona mimi. Utaning'inia kwa muda mfupi tu, mpaka namba itulie, kisha tutakushusha taratibu, tutakupa risiti yenye kilo zako, na katika taarifa ya mwaka utaweza kuandika kwa ukweli kamili kwamba Kabianga ilipokea uzito mkubwa kutoka makao makuu.

Najua utashindwa kuja. Utakuwa na mkutano, na mkutano huo utakuwa muhimu. Katibu wako ataniarifu kwa upole, nami nitamshukuru. Lakini majani hupokelewa hapa wiki zote za mwaka, na ombi letu halina tarehe ya mwisho. Aproni nimeikunja, iko kwenye rafu ya juu, na hakuna mteja atakayeuziwa.

Kwako Mheshimiwa nimemaliza. Neno la mwisho ni la wanachama wenzangu wa Kericho, Bomet na ukanda wote, ambao nakala hii itawafikia. Msikihame chama. Tumekijenga kwa ada zetu, na aliyekaa mbele hakukinunua. Kabla ya kulipa ada ya mwaka ujao, kila mmoja aandike kwenye karatasi jina la mnunuzi mmoja aliyekutanishwa naye na chama, au deni moja ambalo chama kilimsaidia kulipwa. Mwenye jina la kuandika, alipe na ashukuru. Asiye nalo aje na karatasi yake tupu kwenye mkutano mkuu, aiweke mezani mbele ya viongozi, kisha asimame mahali anapoonekana na adai huduma aliyoilipia.

Wako mtiifu katika uanachama,
Fundi wa aproni, soko la Kabianga.

Nakala: Wanachama wote, Kamati ya kituo cha majani, Karani wa mzani, Askari wa lango la ofisi ya chama.